Kesi ya Pasi ya Bi Mstari

Fundi huyu wa cherehani aliitwa Bi Mstari na wateja wake, na ukishavaa suruali iliyotoka mezani kwake huulizi tena kwa nini. Mstari wa mbele ulishuka kutoka kiunoni mpaka kwenye kiatu bila kupinda popote, na wanaume wa mtaa ule, siku ya kwanza ya kuvaa, waliketi kwa tahadhari, miguu mbele, wasije wakauvunja. Yeye mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mdomo mwepesi na mkono mzito, na alishona kila kitu: mashati, sare za shule, mapazia, hata vifuniko vya viti vya gari. Lakini kushona wanashona wengi. Kilichomtoa mteja kwa fundi mwingine na kumleta kwake kilikuwa pasi, na hilo alilijua vizuri mno, maana hata salamu zake zilikuwa na majivuno kidogo.

Chumba chake kilikuwa cha mbele, chenye dirisha pana linalotazama barabara. Mteja hakuingia ndani. Alisimama nje, akapitisha kitambaa dirishani, akapimwa mabega papo hapo huku watu wakipita na kutoa maoni. Meza ya pasi aliiweka chini ya dirisha hilo kwa makusudi, ili wapita njia waone suruali zinavyonyooshwa na waanze kuzionea haya zile walizovaa. Alikipanga chumba kile mumewe akiwa hai, na mumewe alipofariki, dirisha lile ndilo lililomsomesha binti yake mpaka akaolewa mji wa mbali. Ungeweza kumtukana Bi Mstari akakujibu kwa kicheko, lakini ukigusa chumba chake umemgusa mboni ya jicho.

Sasa, nyumba ile ilikuwa na wapangaji watatu pamoja na mwenye nyumba, na wote walikula umeme wa mita moja iliyofungwa ukumbini. Walichanga sawa kwa sawa, mwenye nyumba akaenda kununua umeme na kuingiza namba, kisha kila mtu akautumia ajuavyo. Hapo ndipo balaa lilipokuwa limejificha. Ukichanga sawa na jirani yako, kisha ukasikia jirani anachemsha maji, damu inakuchemka na wewe. Unatafuta nawe kitu cha kuchemsha, hata kama huna kiu.

Chumba cha pili alikaa Mwalimu. Hakuwa mwalimu wa shule, alikuwa akiwafundisha watu kuendesha gari, na kazi ya kukaa kutwa pembeni ya watu wasiojua breki iko wapi ilikuwa imempa mazoea ya kujituliza kwa maji ya moto, asubuhi na jioni. Alikuwa na hita, lile koili la kutumbukiza kwenye ndoo, naye alilitumbukiza akaenda kunyoa ndevu, akaenda kupiga simu, akaenda kukagua matairi, mpaka mvuke ukatoka chini ya mlango. Halafu akamimina maji baridi kwenye ndoo ili yawe ya kuogeka. Kapera hana wa kumwambia kitu.

Chumba cha tatu alikaa Mama Pacha, msusi, ambaye mumewe aliendesha malori ya masafa na kuonekana nyumbani kwa nadra. Alisukia uani, chini ya bati, na kila akimaliza kichwa alihitaji maji ya moto ya kuchovya ncha za nywele zisifumuke. Birika lake la umeme lilichemka, likapoa wakati wa maongezi, likachemshwa tena, likapoa tena, na yote hayo kwa ajili ya maji yasiyojaza bakuli. Alikuwa pia na friji kubwa, zawadi ya mumewe. Wale pacha wake walikuwa na kawaida ya kulifungua na kusimama mbele yake, mlango wazi, wakilitazama kama televisheni.

Televisheni yenyewe ilikuwa kwa Mzee mwenye nyumba, nayo ilipumzika pale tu umeme ulipokatika. Aliiwasha alipoamka na kulala mbele yake mchana, na ukijaribu kuizima aliamka na kukuambia kwamba alikuwa akiangalia. Mzee huyu alikuwa tarishi mstaafu wa mahakama. Ujana wake wote aliutumia kufungua mlango, kuita majina ya mashahidi na kusikiliza kesi za watu bila kuruhusiwa kusema neno. Alipostaafu yale maneno yote yakawa yamemjaa kifuani. Akawa anahukumu kila kitu: paka wa jirani, uzi uliodondoshwa ukumbini, zamu ya kufagia choo.

Kwa hiyo umeme ulipoanza kuisha mapema, mwezi ukiwa haujafika hata katikati, ilikuwa lazima ipatikane kesi. Siku hiyo taa zilizimika mchana wakati Mama Pacha ana mteja mwenye nusu kichwa kilichosukwa na maji hayajachemka. Alitoka uani na chanuo mkononi, akasimama katikati ya ukumbi na kutangaza kwamba amechoka kulipia suruali za mtaa mzima.

Mahakama ilikaa barazani jioni hiyohiyo. Mzee alijivutia kiti chenye mgongo mrefu, akagonga meza kwa kijiko, akataka kimya, ingawa hakukuwa na aliyekuwa akisema. Mama Pacha alieleza kwamba pasi ya Bi Mstari haipoi, inaanza kugonga meza kabla ya chai na kuacha jua likizama. Mwalimu, alipoitwa kutoa ushahidi, alisema kwa upole kwamba yeye hana ugomvi na mtu, ila pasi ile ikiwashwa taa ya chumbani kwake hufifia, na hita nalo huchelewa. Bi Mstari akaruka. Akasema pasi yake inajizima yenyewe ikishapata moto, ina kitaa chake, wakitaka waje wakitazame, na kama wanamtafuta mlaji wa kweli waende wakamtafute ndani ya ndoo ya Mwalimu au nyuma ya mlango wa friji usiojua kufungwa. Televisheni hakuitaja, maana hakimu ndiye mwenye televisheni na Bi Mstari hakuwa mjinga kiasi hicho.

Mzee alifumba macho, akayafumbua, akatoa hukumu. Umeme mpya ungenunuliwa kesho. Ukifika mwisho wa mwezi, Bi Mstari yuko huru. Ukiisha kabla, Bi Mstari atafute mahali pengine pa meza yake na pasi yake, na chumba cha mbele kirudi kwa mwenyewe. Akaongeza, kana kwamba ni jambo lililomjia sasa hivi, kwamba ana mpwa wake anayeuza simu, naye anatafuta chumba chenye dirisha.

Bi Mstari aliingia chumbani kwake, akafunga mlango, akalitazama dirisha. Aliogopa. Mafundi wenzake waliopoteza mahali pa kazi aliwajua. Walikuwa wakizunguka na cherehani begani kubadilisha zipu mlango kwa mlango. Lakini woga kwake haukuwa mgeni wa kulala. Kabla maji ya kuoga hayajamwagika alikuwa ameshapata la kufanya, na akacheka peke yake, mkono mdomoni, Mama Pacha asisikie.

Mpango ulikuwa huu. Yeye alikuwa na hakika, hakika ya kula kiapo, kwamba pasi haikuwa na kosa. Basi mwezi huo asingeiwasha hata mara moja. Mita ingeendelea kukimbia vilevile, kwa sababu wezi wenyewe wapo na birika lao na hita lao. Umeme ungeisha, wote wangekusanyika kumfukuza, naye angesimama mbele yao na kusema pasi ilikuwa baridi tangu siku ya kwanza, ninyi je? Aliifurahia ile "ninyi je" kiasi cha kuifanyia mazoezi mbele ya kioo.

Ila ilibidi wasijue. Kwa hiyo nguo zilizomalizika kushonwa alizifunga kwenye shuka na kuzibeba mpaka kwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, aliyekuwa na pasi ya mkaa na hakuuliza maswali mengi alimradi analetewa umbea. Akizinyoosha huko alirudi nazo zimelazwa mkononi, zimefunikwa, akidai ni kazi mpya. Kisha mchana alisimama dirishani na pasi baridi, akaigonga mezani kwa nguvu zake zote. Du, du, du. Aliponyunyiza maji, na mara nyingine kabla hata hajanyunyiza, alitoa mlio wa mvuke kwa meno yake mwenyewe, tsss, na akaona unafanana na wa kweli kuliko wa kweli. Mara nyingine aliigombeza pasi kwa sauti, kwamba ipunguze moto, itamuunguzia kitambaa cha watu. Wateja walimsalimia kutoka barabarani naye akajifuta jasho lisilokuwepo.

Kila asubuhi alichukua ufagio na kwenda ukumbini kuisoma mita. Siku ya kwanza namba zilikuwa hazijashuka sana. Akasema moyoni, subiri. Siku zilizofuata nazo zilishuka kwa kinyongo. Mara moja alimkuta Mwalimu amesimama pale, shingo ndefu, naye Mwalimu akaruka kando na kusema anatafuta ufunguo. Mara nyingine alimkuta Mama Pacha na ufagio wake, akifagia papo kwa papo chini ya mita. Ukumbi ule haukuwahi kuwa safi namna ile tangu nyumba ijengwe, na bado kila mtu aliendelea kuufagia.

Yalikuwepo mambo mengine ambayo mtu mwenye akili zilizotulia angeyaona. Mwalimu alikuwa ameanza kuimba bafuni, yeye ambaye hakuwahi kuimba, na sauti yake ilipanda ghafla sana mwanzoni mwa wimbo. Mama Pacha alitoka alfajiri na chupa ya chai tupu na kurudi nayo akiikumbatia. Mzee alisimulia habari za televisheni barazani kwa kirefu, lakini akiulizwa mtangazaji alikuwa nani alikohoa. Bi Mstari aliyaona yote na hakuyashika, kwa sababu macho yake yalikuwa kwenye namba tu.

Nusu ya mwezi ilipopita na umeme ukiwa bado tele, aliacha kugonga meza. Aliketi kwenye kiti cha cherehani, pasi baridi mapajani, na wazo alilokuwa akilikwepa likamkalia mbele. Pasi imezimwa, na umeme hauishi. Basi ni mimi. Miaka yote hii nimekuwa nikiwatukana watu na mla umeme ni mimi. Uso ulimshuka. Akakumbuka jinsi alivyomwambia Mama Pacha, mbele ya mteja wake, kwamba friji lake lingefaa kupewa kadi ya kupigia kura kwa jinsi lilivyo mkazi wa kudumu, na akaona aibu ya kweli, ile inayochoma masikio. Kwa kujitetea ilibidi aseme ukweli, na ukweli ndio uliokuwa ukimtia hatiani. Ni nani mwingine duniani angeweza kujitafutia ushahidi kwa bidii namna hii na ushahidi wenyewe ukamgeuka?

Kwa wifi yake mambo nayo yalikuwa yakimfungua macho, bila yeye kupenda. Pasi ya mkaa haikusubiri mtu. Ukishaiwasha, umeiwasha, na mkaa unakwisha uwe unanyoosha au unasengenya. Kwa hiyo wifi mtu alimtaka alete nguo zote kwa pamoja, zinyunyizwe na kuviringwa kwanza, nzito zitangulie moto ukiwa mkali, nyepesi zifuate, na hariri na mitandio ipitiwe mwisho kwa moto unaokufa. Bi Mstari alizoea kufanya kinyume chake chote. Kila mteja aliyefika dirishani aliwashiwa pasi yake. Shati moja, pasi inawaka, inapata moto, shati linapita, pasi inazimwa, inapoa. Anakuja mwingine, inaanza upya. Na akija mwenye maneno matamu, pasi ilisimama mezani ikiwaka na kujizima na kuwaka, mpaka maneno yaishe. Maneno ya dirishani hayakuwa na mwisho.

Hakujua afanye nini. Kusema ilikuwa kukitoa chumba kwa muuza simu. Kunyamaza nako kulikuwa na mwisho wake, maana tayari shati jeupe la mteja mmoja lilikuwa limerudi na doa la masizi kwenye kola, na wifi alikuwa ameanza kudokeza kuhusu bei ya mkaa.

Alikuwa bado anajishauri, siku chache kabla ya mwezi kuisha, walipokuja watu wa umeme. Walikuwa wawili: mwanamke kijana mwenye kofia ngumu na kalamu sikioni, ambaye alikuwa ndiye mkaguzi, na mwenzake aliyebeba ngazi. Mkaguzi aliisalimia nyumba nzima, akamwamkia Mzee vizuri, akaeleza kilichomleta. Nyumba hii, alisema, ilikuwa ikinunua umeme kila mara, tena mwingi. Ghafla imenyamaza. Ina familia, ina msusi, ina fundi nguo, na mita yake inatembea kama ya chumba cha mlinzi. Kwa kawaida mita hailali hivi mpaka kuwe na waya uliopita nyuma yake. Wakiupata, wanakata, wanaondoka na mita, na mwenye nyumba anakwenda mahakamani.

Mzee alisikia neno mahakama na rangi ikamtoka. Alikuwa amewapandisha watu wengi kizimbani kwa mkono wake, akiwashika kiwiko kwa adabu, na sasa kiwiko chake mwenyewe kilianza kumuwasha.

Mkaguzi akauliza ni nani humu ndani mwenye kifaa kinachokula umeme zaidi. Mama Pacha na Mwalimu walijibu kwa pamoja, kama watoto wa darasani. Pasi ya huyu hapa, walisema. Inapigwa kutwa. Nyumba nzima inaisikia, na hata watu wa barabarani ni mashahidi. Mama Pacha akaigiza mlio wenyewe, du, du, tsss, tena vizuri sana.

Mkaguzi aliitoa kalamu sikioni.

"Pasi inapigwa kutwa," alisema, "na mita inatembea hivi. Basi hiyo pasi haipiti kwenye mita. Mama, nionyeshe umeichomeka wapi."

Hapo ndipo Bi Mstari alipoona cha mtema kuni. Kumbe kumla jirani umeme lilikuwa kosa dogo. Sasa alikuwa mwizi wa serikali, na ushahidi wote alikuwa ameutengeneza yeye, kwa mkono wake na kwa meno yake. Mzee alimtazama, akamuuliza, "Bi Mstari, umenifanyia nini?" na sauti ile, ambayo haikuwa na hakimu ndani yake hata kidogo, ilimuumiza kuliko hukumu.

Aliwaongoza wote mpaka chumbani. Mezani kulikuwa na rundo la suruali zilizonyooka vizuri. Mkaguzi alifuata waya wa pasi kwa macho mpaka mwisho, akakuta plagi imelala sakafuni, haijachomekwa popote, ina vumbi. Akaishika pasi kwa kiganja kizima.

"Ni baridi," alisema.

"Ni baridi tangu mwezi uanze," alisema Bi Mstari. "Nagonga meza tu."

Mkaguzi akamwangalia bila kuelewa. Ilibidi awaonyeshe. Akasimama mahali pake dirishani, mbele ya majirani, mkaguzi, mbeba ngazi na mteja mmoja aliyekuwa akipita kuulizia koti lake, akaigonga pasi mezani, du, du, akatoa tsss yake. Ilitoka hafifu, kwa sababu mdomo ulikuwa umemkauka. Akaeleza habari ya wifi, ya mkaa, ya kutaka kuwaumbua wenzake, na jinsi mita ilivyomuumbua yeye. Akamalizia kwa kusema kwamba sasa amejua, mla umeme wa nyumba hii alikuwa yeye, anaomba radhi, na chumba Mzee akichukue.

Mteja wa koti alicheka peke yake. Mama Pacha hakucheka. Alikuwa akiangalia vidole vyake vya miguu, na Mwalimu alikuwa akiangalia dari.

"Pasi moja haiwezi kuilaza mita namna hii," alisema mkaguzi, ambaye hakuonekana kuguswa. "Nani mwingine?"

Kisha Mwalimu akakohoa na kusema kwamba, kwa kweli, hata yeye mwezi huu alikuwa akioga maji ya bomba. Hita ameliweka chini ya kitanda. Alitaka ionekane wazi kwamba hata bila hita umeme utaisha tu kwa sababu ya pasi. Ndiyo maana alikuwa akiimba, maana mtu akimwagiwa maji baridi saa ile lazima atoe sauti, na aliona heri itoke kama wimbo. Mama Pacha alifumba macho. Mkaguzi akaomba kuliona friji. Msafara ukahamia chumba cha tatu, mlango wa friji ukafunguliwa, na ndani yake, badala ya maji na mboga, kulikuwa na sare za wale pacha, soksi na viatu vya shule vikiwa vimepangwa kwenye rafu ya mayai. Friji lilikuwa kabati tangu siku ya hukumu. Maji ya kuchovya nywele aliyaomba kwa mama mmoja anayeuza chai kona ya pili, akayaleta kwenye chupa ya chai, na kumbe yalikuwa yakikaa na moto wake mpaka vichwa vyote vya asubuhi vikaisha bila birika kuguswa.

Mzee alikuwa anarudi nyuma taratibu kuelekea chumbani kwake, lakini mbeba ngazi alikuwa amemtangulia. Televisheni ilikuwa imefunikwa shuka. Habari zote zile alikuwa akizipata kwenye redio ya kinyozi. Alikiri kwamba usiku wa hukumu alishikwa na wasiwasi kwamba huenda ni televisheni yake, na hakimu hawezi kujiondoa kwenye kesi yake mwenyewe, kwa hiyo akaizima na kukaa kimya.

Mkaguzi alipanda ngazi, akakagua waya kutoka nguzoni mpaka ukumbini, akashuka. Hakukuta kosa. Wakati wote huo alikuwa amejikaza kisabuni, lakini alipofika mlangoni alishindwa, akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Washeni vitu vyenu," aliwaambia akiiokota. "Kimoja kimoja, mkiitazama mita wenyewe. Msimuulize mtu." Walimsikia akicheka mpaka mwisho wa barabara, na ngazi ikicheka naye.

Walibaki wanne ukumbini na hakuna aliyetaka kuanza. Mwishowe Mzee alikwenda kuwasha televisheni, na kile kitaa chekundu cha mita kikawa kinapepesa polepole. Mzee akatabasamu, mapema mno. Friji likafuata, kitaa kikachangamka. Wakawasha birika, kikakimbia mbio. Wakalizima, wakatumbukiza hita, kikakimbia vilevile. Hilo nalo likazimwa, Bi Mstari akachomeka pasi yake kwa mkono mzito, akarudi ukumbini kuipokea aibu yake, na kitaa kikakimbia, si zaidi ya birika wala si chini ya hita. Wakatazamana. Kila mmoja alikuwa amekuja na mwizi wake kichwani, na sasa walikuwa wanne na wizi mmoja.

Mzee alisafisha koo. Alianza kusema kwamba kwa kuzingatia ushahidi uliotolewa, na kwa kuwa chumba cha mbele, hata hivyo, mpwa wake...

"Mzee," alisema Mama Pacha, "pasi imeshawaka. Unatumalizia umeme bure."

Akaingia chumbani kwake na kutoka na sare zote za watoto wake, zimejikunja na zinanuka kitunguu cha mwezi uliopita, akapita mbele ya Mzee bila kumtazama, akazimwaga mezani kwa Bi Mstari. Mwalimu akaona, akaenda kuleta mashati yake. Mzee alibaki amesimama peke yake ukumbini na hukumu yake mdomoni, kisha naye akaenda chumbani na kurudi na kanzu, akaiweka chini kabisa ya rundo kwa aibu.

Bi Mstari alizinyunyiza zote, akaziviringa, akaanza na nzito. Mama Pacha aliketi kwenye kiti cha cherehani akimpa nguo moja baada ya nyingine, na zilipobaki gauni ndogo mbili tu, Bi Mstari akainama akachomoa plagi, akaendelea na moto uliobaki.

"Kumbe unaweza kuizima," alisema Mama Pacha.

"Nimejifunza juzi."

Mama Pacha alikunja soksi moja, akaikunjua, akaikunja tena.

"Ungehama kweli?" aliuliza. "Uniache na mwanaume anayelia bafuni na mzee anayenisomea hukumu kila nikimwaga maji? Mume wangu simwoni. Mchana mzima mtu ninayemsikia ni wewe."

Bi Mstari aliuweka mkono juu ya ile gauni ya mwisho, ikiwa bado ina joto.

"Ulikuwa unasikia uongo," alisema. "Meza tupu."

"Najua. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Nilinyamaza tu, friji langu lisije likaulizwa," alisema Mama Pacha akinyanyuka na nguo zake. "Pasi yenye moto haisemi tsss kabla hujanyunyiza maji."